Bei ya Maharagwe: Jiko na Mfuko wa Msichana Katika Maandishi Tunayofundisha

Msomaji akichukua riwaya yoyote kati ya zile tunazozifundisha katika somo la fasihi andishi, akauliza mhusika mkuu wa kike anapendwa na nani, amepotoshwa na nani na mwisho wake umekuwaje, atajibiwa kwa kirefu. Akiuliza msichana huyo alipika nini jana jioni, makaa aliyanunua kwa fedha ya nani, na kodi ya chumba ya mwezi ujao ataitoa wapi, kitabu kinanyamaza. Ukimya huo ndio tunaotaka kuujadili katika toleo hili. Wenzetu wengi wameandika, na wameandika vizuri, kuhusu usawiri wa mwanamke katika fasihi ya Kiswahili: mwanamke kama mama, kama malaya, kama chombo cha starehe, kama mkombozi. Sisi tunauliza jambo dogo zaidi. Mwanamke huyu anaishije siku ya Jumanne, siku ambayo hakuna kilichotokea?

Swali hili tunaliuliza tukiwa na wasomaji maalumu akilini. Wanafunzi wetu wengi wa kike wanaishi katika vyumba vya kupanga, vile ambavyo hapa Kampala huitwa mizigo, na wageni kutoka Tanzania hucheka wakisikia jina hilo kwa masikio ya Kiswahili. Chumba kimoja, pazia katikati, kitanda upande huu, sigiri na sufuria upande ule. Fedha za nyumbani hutumwa kwa simu, zikichelewa hakuna wa kumlalamikia. Mwisho wa mwaka wa 3 msichana huyu anatoka na shahada yenye neno Kiswahili ndani yake, na swali moja: nani ataniajiri? Tangu marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 umekifanya kuwa somo la lazima katika madarasa ya mwanzo, na Julai 2022 baraza la mawaziri likapitisha kifundishwe kwa lazima na kutumika kama lugha rasmi. Habari hizo zote ni njema. Lakini matangazo hayampi mtu barua ya ajira, na aliyehitimu anajua tofauti baina ya sera na mshahara kuliko sisi tunaomfundisha. Je, katika vitabu tulivyompa kwa miaka mitatu, ameona mahali popote mtu wa hali yake?

Tuanze na mkongwe wao. Utendi wa Mwana Kupona ulitungwa mwaka 1858, yaani 1275 Hijria, na Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, mjane wa Bwana Mataka aliyekuwa mtawala wa Siyu. Mama huyu alikuwa mgonjwa, akaona amwachie bintiye, Mwana Hashima, maneno ya kumfaa katika ndoa na katika dini. Werner na Hichens waliuchapisha mwaka 1934 pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na tangu hapo wahakiki wamegawanyika pande mbili. Wapo wanaouona kama mwongozo wa utiifu wa mke, tena uliopitwa na wakati. Wapo wanaouona kama hekima ya mwanamke aliyejua namna ya kushika hatamu bila kuonekana ameshika. Mjadala huo tumeusikia mara nyingi mno katika semina zetu, na kwa maoni yetu pande zote mbili zinaukimbilia moyo wa mke na kuiruka nyumba yake.

Kwa maana huu ni utendi unaoijua nyumba. Mama anataja kufagia, anataja choo kisafishwe, anataja usingizi wa mume na namna ya kumwamsha bila kumshtua, ndevu zake na manukato yake, wanja wa mke, bangili zake, ruhusa ya kutoka na saa ya kurudi. Anayesoma kwa makini anaweza kuichora siku nzima ya mwanamke wa ukoo bora wa Pate, kuanzia alfajiri hadi taa inapozimwa. Hatujui utungo mwingine wa zamani wa Kiswahili unaoiheshimu kazi ya nyumbani kwa kiasi hiki, kwa kuitaja kipande kwa kipande. Mwalimu anayeupitisha utendi huu darasani kwa kuorodhesha tu dhamira, dini, ndoa na malezi, amewanyima wanafunzi sehemu iliyo hai kuliko zote.

Pamoja na hayo, ndani ya beti 102 hakuna bei. Hakuna mahali binti anafundishwa kupima mchele ufike mwisho wa mwezi, wala kuchagua kati ya samaki na kuni. Sababu yake imo katika utendi wenyewe. Matumizi ni ya mume kuleta, na mke mwema haombi kupita anachopewa. Kupika, kutwanga na kuteka maji ni kazi ya watu wengine ambao mama anawataja kwa ufupi: anamwonya bintiye asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi. Jiko limefichwa nyuma ya onyo hilo. Wanafunzi wanaousifu utendi huu kama chuo cha ndoa, na wanaoukataa wakisema ni utumwa wa mke, wote huwasahau watumwa wenyewe, waliokuwa na mikono ndani ya unga. Tunapendekeza mwalimu aulize darasani swali la kawaida kabisa: katika nyumba hii, nani anapika? Swali hilo peke yake hufungua historia ya mwambao kuliko saa nzima ya mhadhara.

Kuna jambo jingine ambalo hatuwezi kulipita. Utendi unaanza kwa mama kumwita binti aje na karatasi na wino. Mwana Kupona alijua kuandika, bintiye naye alijua, na kuelekea mwisho anawaalika wanawake wengine waisome kazi yake. Huyu ni mjane, mgonjwa, asiye na hakika ya kesho, na urithi anaougawa ni maandishi. Wale wanaodai kwamba nyumba na elimu ni vitu viwili vinavyopingana wausome tena mwanzo huo.

Kutoka Pate twende Unguja, kwa mwanamke ambaye hakuwa na mtu wa kumpikia. Siti binti Saad alizaliwa Fumba katika miaka ya 1880, akaitwa Mtumwa. Alifinyanga vyungu pamoja na mama yake, akavipeleka mjini kuviuza. Mwaka 1911 alihamia mjini, akajifunza muziki na kuimba kwa Kiarabu na Kiswahili, na mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri. Alifariki mwaka 1950. Shaaban Robert akamwandikia Wasifu wa Siti Binti Saad, kitabu ambacho hadi leo ni miongoni mwa vichache vya Kiswahili vinavyosimulia maisha halisi ya mwanamke mfanyakazi.

Tunakipenda kitabu hiki na tunakifundisha, lakini tuna ugomvi nacho. Shaaban Robert anaandika kama mtu anayechonga sanamu ya maadili. Vyungu vinatumika kuonyesha unyenyekevu wa asili yake, kisha vinawekwa kando ili sauti iingie. Sisi tungetaka vyungu vikae zaidi. Mfinyanzi ana hesabu ngumu. Udongo hauuzwi lakini unachimbwa na kukandwa, kuni za kuchomea zina gharama au zina safari, vyungu kadhaa hupasuka motoni, vingine njiani, na vinavyofika salama mjini bei yake huamuliwa na mwenye nyumba anayejua kwamba muuzaji hataki kuvibeba tena hadi Fumba. Anayeuza kwa namna hiyo anapanga bajeti hata kama hajui kusoma. Ingefaa sana kujua aliweka nini akiba, alikula nini siku ya chungu kutouzika.

Na tungetaka zaidi habari za miaka ya kati, baina ya 1911 na 1928. Mwanamke aliyekwishapita ujana wa kwanza anaacha kazi aliyoijua tangu utotoni, anahamia mjini kujaribu kazi ambayo haina mshahara na ambayo watu wengi wa wakati wake hawakuiheshimu kwa mwanamke. Hakujua kwamba atakuwa Siti. Mwandishi wa wasifu anajua, na kwa kuwa anajua, kila hatua anaiona kama ngazi. Mwanafunzi wetu aliye katika mwaka wa mwisho hana anayemsimulia maisha yake kutoka mwisho. Kwa hiyo akisoma Siti hupata fahari, lakini hapati mwenzake wa kukaa naye gizani.

Mwenzake huyo, ajabu, tunampata mahali ambapo hatukutazamia, katika jumba la kifalme. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan, alizaliwa Unguja mwaka 1844, akaondoka mwaka 1866, akaolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani, akaitwa Emily Ruete. Mwaka 1870 mumewe alifariki kwa ajali ya tramu mjini Hamburg. Salme alibaki mjane wa miaka kama 26, na watoto watatu wadogo, katika nchi ya baridi ambayo desturi za jiko lake hakukulia nazo, huku madai yake ya urithi yakikataliwa nyumbani. Kumbukumbu zake zilizotoka kwa Kijerumani mwaka 1886 husomwa kwa ajili ya habari za majumba ya Unguja, na ni kweli majiko yale yaliyolisha mamia ya watu yanapendeza kuyasoma. Lakini barua zake kuhusu maisha ya Ujerumani, zilizochapishwa kwa tafsiri ya Kiingereza mwaka 1993, ndizo zinazotuhusu: mtu anajifunza kuhesabu matumizi ya nyumba akiwa ameshazaa watoto watatu. Hatusemi mwanafunzi wa Kikoni ni binti wa Sultani. Tunasema hofu ya kufungua pochi ni ileile.

Sasa riwaya. Hapa tutakuwa wakali kidogo. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971) ilipotoka ilizuiwa shuleni, na ugomvi wote ulikuwa juu ya mwili wa Rosa. Wahakiki waliokuja baadaye wakaitetea kwa kuonyesha ukali wa baba mlevi, Zakaria, na malezi ya kufungiwa. Vizuri. Lakini Rosa pia ni msichana anayesomea ualimu Morogoro, yaani ana taaluma mbele yake, na ni mzaliwa wa kwanza katika nyumba ambayo baba hunywa na mama, Regina, hubeba mzigo. Hesabu ya nyumba hiyo imo katika riwaya kwa wale wanaoitafuta. Kezilahabi aliijua. Ni sisi wahakiki tuliokimbilia kitanda tukaruka karo. Katika mitihani yetu ya miaka kumi iliyopita swali la upotofu wa Rosa limerudi tena na tena kwa sura mbalimbali. Swali la nani aliyelipa karo yake hatukumbuki kuliona hata mara moja.

Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980) ina kosa lake yenyewe, si la wahakiki peke yao. Maimuna amefungiwa ndani na baba yake, Bwana Maksuudi, hadi hajui njia ya kutoka mlangoni, kisha anatoroka na kuanguka. Anguko lenyewe limeandikwa kwa nguvu na kwa lugha tamu, hatubishi. Lakini baina ya msichana wa ndani asiyewahi kushika senti na mwanamke wa Rumbalola kuna kipindi ambacho mtu yeyote aliyewahi kuanza maisha mjini angependa kukiona: siku ya kwanza ya kujinunulia chakula mwenyewe. Mwandishi anapita hapo haraka, kama kwamba baina ya geti la baba na danguro hakuna soko wala genge la mboga. Na fasihi yetu ya miaka ile ilikuwa hivyo karibu yote. Msichana ana nyumba mbili tu, ya wazazi na ya aibu. Chumba cha kupanga chenye sigiri mlangoni, ambacho ndicho makazi ya maelfu ya wasichana waadilifu na wasio waadilifu, hakimo katika ramani.

Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed (1976) inatufariji zaidi. Rehema naye hupita njia ya aibu, lakini anapofika kwa Sulubu riwaya inatulia, na tunaona watu wawili wakijenga maisha kwa jembe. Sehemu hiyo wanafunzi huiona kuwa ya kuchosha, wakitamani mzozo wa ardhi ufike upesi. Sisi tunawaambia waisome polepole, maana bila kujua jasho lililoingia katika shamba lile mzozo hauna uzito wowote.

Aliyelikamata jambo hili barabara ni Penina Muhando katika Nguzo Mama (1982). Wanawake wa Patata wanataka kuisimamisha nguzo. Wamepewa namba badala ya majina, Bi Moja, Bi Pili na kuendelea, na kila mara kazi ya pamoja inapokaribia kufaulu mmoja wao anavutwa na jambo la nyumbani kwake. Kuna mume, kuna fedha, kuna mjane ambaye ndugu wa marehemu wanamnyang'anya mali. Nguzo haisimami. Walimu wengi huifundisha tamthilia hii kama fumbo la ukombozi wa mwanamke na kuishia kulaumu ukosefu wa umoja. Tunaona lawama hiyo ni nyepesi. Muhando anaonyesha kwamba saa za wanawake hawa zimekwishatumika kabla mkutano haujaanza. Mtu ambaye hajalipa deni la duka hawezi kushika kamba kwa mikono miwili. Hii ndiyo kazi tunayoijua ambamo jiko linaweza kusimamisha historia ya kijiji kizima, na mwandishi halidharau jiko wala halitukuzi.

Wenzetu wawili waliosoma rasimu ya makala haya walitupinga. Walisema: fasihi si kitabu cha mapishi, na riwaya yenye bei za nyanya itachosha. Hoja ya kwanza tunaikubali nusu. Bei haina uzuri wowote peke yake. Lakini uamuzi una uzuri, na maisha ya msichana mwenye fedha kidogo ni maamuzi kutwa. Tuchukue maharagwe. Tuseme kilo ni shilingi 4,000, na mkebe wa makaa ni shilingi 2,000; bei hizi ni za mfano tu, msomaji aweke za mtaa wake. Maharagwe ni nafuu kuliko nyama, kila mtu anajua. Lakini maharagwe hula makaa. Ukiyaweka motoni makavu yatamaliza mkebe mzima, na hapo kilo yako si ya 4,000 tena, ni ya 6,000. Ukiyaroweka tangu usiku, unaokoa karibu nusu ya moto. Ukiyapika yote mara moja unaokoa tena, lakini huna friji, basi kila jioni lazima uyachemshe upya yasichache, na makaa yanarudi kwa mlango wa nyuma. Ukiazima moto kwa jirani anayemaliza kupika, umepata joto la bure na umejifunga kumsikiliza habari zake kwa saa moja. Ndani ya sufuria hiyo kuna wakati, kuna ujirani, kuna kesho. Mwandishi anayeweza kumpitisha mhusika katika uamuzi huo akiwa wakati huohuo anasubiri simu ya shule aliyoomba kazi, hatachosha mtu.

Tatizo jingine ni la lugha yenyewe, na hili linatuhusu sisi walimu moja kwa moja. Angalieni mazungumzo ya sokoni katika vitabu vya kufundishia Kiswahili kwa wageni na hata kwa shule zetu. Mnunuzi anafika, anasalimu, anauliza bei, anaomba apunguziwe, anapunguziwa, analipa, anaondoka na kikapu kilichojaa. Hapungukiwi kamwe. Hajawahi kurudisha vitunguu mezani baada ya kuhesabu sarafu. Hajawahi kusema, "Mama, niandikie, nitalipa Ijumaa," wala muuzaji hajawahi kumjibu, "Mwanangu, ya wiki iliyopita bado." Mwanafunzi wetu anayajua maneno ya nanasi na parachichi lakini hana maneno ya kujinyima, kudunduliza, kubangaiza, kukopa, kuunga mboga kwa karanga kidogo ili ionekane nyingi. Anakijua kibaba katika methali tu. Ukimuuliza kibaba ni kiasi gani, na vibaba vinne vinafanya nini, anakutazama. Vibaba vinne ni pishi, na methali ile ya haba na haba ilikuwa maneno ya mtu anayepima nafaka.

Kwa mwalimu wa Uganda kuna neno moja ambalo tungependa lipewe kipindi kizima: posho. Katika misafara ya zamani posho ilikuwa chakula cha kila siku alichopimiwa mpagazi. Tanzania leo ni fedha anayopewa mtumishi kwa safari au kikao. Hapa kwetu posho ni ugali wenyewe, ule wa shuleni, ambao wanafunzi wote wameula na wengi wameapa kutoula tena. Kazi, malipo na chakula vimelala katika neno moja, na historia yake imepita katika mipaka yote ya eneo letu. Tukimsahihisha mwanafunzi kwa kalamu nyekundu, tukamwandikia kwamba posho si ugali, tumemwondolea jambo alilokuwa nalo sisi tusilokuwa nalo. Afadhali ajifunze yote matatu. Vivyo hivyo upatu wa Tanzania, chama cha Kenya na nigiina ya wanawake wa hapa ni ndugu, na insha inayovilinganisha ingekuwa na faida kuliko ile ya kila mwaka kuhusu faida na hasara za runinga.

Muhula uliopita tuliwapa wanafunzi wa mwaka wa 3 kazi ya kuandika: wiki moja ya maisha ya msichana anayepanga chumba na kutafuta kazi, bila mapenzi, bila kifo, bila mahubiri. Walilalamika kwamba tumewaondolea fasihi yote. Kazi zilizorudi zilikuwa na kasoro za kawaida, upatanisho wa kisarufi uliovunjika na methali zilizobandikwa mwishoni kama stempu. Lakini kuna jambo moja ambalo halikutokea katika insha za nyuma. Katika sehemu za jiko walitumia hu- ya mazoea kwa ufasaha kabisa: hununua, huroweka, hupika, huosha. Walipofika kwenye kazi, viambishi vikaanza kugombana. Aya moja ilikuwa na "nitakapopata kazi", sentensi iliyofuata "nikipata kazi", na kabla ya ukurasa kwisha "ningepata kazi". Mmoja alifika hadi "ningelisomea uuguzi".

Tulipokuwa tukisoma shahada ya uzamili Dar es Salaam tulifundishwa kuviita vipashio hivi viambishi vya masharti na wakati, tukavipanga katika jedwali. Mtahini wa kawaida angeona hapo mwanafunzi asiyejua kuchagua. Sisi tunaona msichana anayeshuka ngazi moja baada ya nyingine: -takapo- ni hakika inayongoja siku tu, -ki- ni mlango ulio wazi nusu, -nge- mlango umerudishwa, na -ngeli- ni mtu aliyesimama nje akitazama nyumba ambayo si yake tena. Yote hayo katika ukurasa mmoja, baina ya kuosha sufuria na kulala. Riwaya zetu zilizotajwa hapo juu zina misiba mikubwa zaidi, lakini hatukumbuki hata moja inayoutumia mfumo wa kitenzi cha Kiswahili kupima matumaini kwa usahihi wa namna hii.

Basi katika mpangilio mpya wa kozi tumependekeza Nguzo Mama isomwe kabla ya Rosa Mistika, Mwana Kupona asomwe pamoja na Siti katika wiki moja, na zoezi la wiki moja ya maisha liwe sehemu ya alama za kudumu. Mapendekezo yako mbele ya kikao cha idara. Walimu wa shule za sekondari wanaosoma jarida hili wanakaribishwa kulijaribu zoezi hilo na kututumia insha za wanafunzi wao, hasa zile ambazo viambishi vyake havikukubaliana.